Wino Haufiki Mgongoni

14 Januari

Mpwa wangu,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita ilifika imekunjamana pembeni, nikainyoosha na kuiitikia: marahaba sana. Huku tupo. Anti yako anakusalimu, na ule mkoba uliomtumia hautoi kabatini ila siku ambazo jirani wa mlango wa pili yuko nje kumwona akipita. Kiwandani tumemaliza kuchapa kalenda, ndiyo maana barua hii unaisoma nyuma ya mwezi wa Agosti. Unanijua, kipande cha karatasi nzuri siwezi kukitupa. Ukigeuza utaona nusu ya maporomoko ya maji. Nusu nyingine nimemwandikia muuza wino, kumlalamikia.

Asante kwa soksi. Asante zaidi kwa picha uliyopiga maabara. Vidole vyako ni vya zambarau kabisa! Nilimwonyesha Fundi Bati, yule anayetengeneza mabati ya kuchapia, nikamwambia tazama, mtoto wa dada yangu naye mikono yake haitakati. Wewe ni rangi za kupaka vioo vya hadubini, mimi ni wino. Ukoo huu tukifa itabidi watuoshe kwa mafuta ya taa.

Na kuhusu wino, nina doa la zambarau juu ya kiwiko cha kushoto ambalo linanifanyia ubishi. Wiki ya tatu sasa nalisugua kwa mafuta ya taa kila nikitoka kazini, na halitoki. Naushuku huu wino mpya walioleta. Silalamiki, naandika kwa sababu wewe ni mtu wa rangi, huenda unajua kinacholiondoa.

Mama yako hajambo? Salamu kwa wote hapo.

Mjomba wako


9 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na hii nimeitia ndani ya gazeti isikunjike. Mimi mzima, ila miguu tu, maana maabara yetu ina viti vitatu na sisi tuko saba. Kazi ni ile ile. Naletewa kipande cha nyama ya mgonjwa, kidogo kama punje, nakigandisha kwenye nta, nakikata kwa wembe wa mashine mpaka kinakuwa chembamba kuliko karatasi yoyote uliyowahi kuichapa, nakilaza kwenye kioo na kukipaka rangi. Kisha nampelekea Mama Vioo, daktari wetu wa kusoma hadubini. Huyu kila kioo anakisoma mara mbili, asubuhi na tena baada ya chai, na hatii sahihi chochote kabla ya hiyo chai. Wenye haraka hawampendi. Nilimwambia nina mjomba mpiga chapa ambaye naye hawezi kupitisha prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, bila kuisoma mara mbili. Akasema, "Msalimie. Tumebaki wachache."

Mama hajambo. Nilikuwa nikimsomea barua yako, na tulipofika kwenye salamu zake akakumbuka kwenda kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka.

Niwie radhi kwa kuligusa hili, lakini nimechoka kujifanya silioni. Mwaka wa saba huu tangu tumzike Bibi. Kijitabu cha maziko kilichapwa kiwandani kwako, nakala mia tatu. Picha ya Bibi mbele, na ndani: "Marehemu ameacha watoto wawili", halafu jina moja tu, la kwako. Watu walisoma pale kaburini, kisha wakainua macho kumtazama Mama. Wewe ulisema mashine ilikosea. Mama anasema mashine haichagui. Tangu siku hiyo kila mmoja ananiuliza kama mwenzake hajambo, na hakuna anayesubiri jibu.

Sasa hilo doa. Linauma? Limeinuka ukilipapasa? Mjomba, kitu kisichotoka kwa mafuta ya taa siyo wino. Nenda kwa daktari wiki hii, usiseme wiki ijayo.

Mpwa wako


28 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Nimechelewa kujibu, nisamehe, kazi zimenibana. Huku sote wazima. Anti yako amebadilisha mapazia, sasa sebule nzima ni ya kijani na mimi naambiwa nilikubali. Fundi Bati amepata mjukuu, anamtaja kila dakika tano kama saa ya ukutani.

Doa nimelipeleka kwa daktari kama ulivyoagiza. Ni mzio wa wino. Nimepewa dawa ya kupaka. Daktari mpole sana, alinisikiliza mpaka mwisho, nami nikamshukuru. Basi, hilo limekwisha.

Ahsante kwa kunijali, na salamu za Mama Vioo zimefika. Kuhusu kile kijitabu, ilikuwa mashine. Tusirudi huko.

Mama yako hajambo?

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na leo habari za nyumbani zitasubiri.

Umeniandikia uongo upande wa mbele na ukweli upande wa nyuma. Barua yako haikuwa nyuma ya kalenda. Ulichukua karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, kama kawaida yako, na safari hii ilikuwa fomu ya kliniki ya ngozi. Nakunakilia uisome mwenyewe: "Madoa kumi na moja, mkono, kifua na mgongo. Tezi za kwapani zimevimba. Chembe za damu zimepungua. Kipande cha ngozi kimechukuliwa kwa mara ya pili. Majibu hayaeleweki." Niliigeuza nikiwa nimekaa kwenye ngazi za posta. Nililia pale pale mpaka mlinzi akaniletea kiti chake.

Tena karatasi haikunuka mafuta ya taa. Tangu nina miaka kumi na tisa barua zako zinanuka mafuta ya taa, hata Mama huijua iliyotoka kwako kabla hajasoma bahasha. Hujaenda kiwandani siku ngapi, Mjomba?

Sina hasira nawe. Nina hofu, na naiandika hivyo hivyo ili nawe uandike ya kwako. Nakuomba jambo moja. Hicho kipande cha ngozi kimehifadhiwa kwenye nta, wanacho. Waombe wakitume hapa pamoja na vioo vyake, kwa Mama Vioo. Wala siwalaumu madaktari wa huko. Kuna magonjwa ya damu yanayojitokeza kwanza kwenye ngozi, yanafanana na alama ya kujigonga, na daktari anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asikutane nayo. Usiniulize nafikiria lipi. Sitalitaja mpaka Mama Vioo anywe chai yake.

Mpwa wako anayekupenda


2 Mei

Mpwa wangu,

Umenikamata. Anti yako alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, nami nikakosa pa kuweka mikono. Miaka yote najigamba kwamba hakuna karatasi inayotoka mikononi mwangu bila kukaguliwa pande zote mbili!

Haya, natoa ya moyoni. Mzio wa wino alisema daktari wa kwanza. Wa pili alisema ni michubuko ya kubeba rimu za karatasi, nipumzike. Wa tatu akanikata kipande, majibu yakaja nusunusu, akanikata kingine. Mimi niliyashika yale ya wino kwa sababu ndiyo niliyoyapenda. Anti yako ndiye aliyenizindua. Siku moja navua shati, akaanza kuhesabu kwa kidole. Akasema, "Baba, wino haufiki mgongoni." Nilimjibu vibaya, na baadaye nikamwomba radhi.

Kiwandani sijaenda tangu katikati ya Februari. Ngazi nne tu za mlangoni zinanimaliza pumzi. Nikipiga mswaki, povu linakuwa jekundu. Naogopa, mpwa. Sijawahi kuliandika neno hilo na ajabu ni kwamba mkono haukukataa.

Vipande vimetumwa. Namshukuru yule mama wa masijala ya kliniki, aliacha foleni yake, akavifunga kwa pamba na kuandika "huvunjika" pande zote sita. Namshukuru na daktari wa tatu. Alisema mbele yangu, "Mzee, mimi hili silijui, tumtafute anayelijua." Sikutegemea kwamba maneno kama hayo yangenipa usingizi, lakini nililala vizuri siku ile.

Mama yako hajambo? Asiambiwe.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, na Anti akae karibu yako.

Vioo vilifika salama, hakuna kilichovunjika. Mama Vioo alivisoma asubuhi akaona kama saratani ya aina nyingine, iliyo ya kawaida zaidi, na mwingine angetia sahihi hapo hapo. Alikunywa chai. Akarudi, akatazama tena kwa muda mrefu, akasema kuna kitu hakijakaa sawa. Aliniagiza nikate vipande vipya na kuvipaka dawa nyingine nne, zile zinazotambulisha kila seli ni ya ukoo gani. Cha kwanza nilikiharibu, nikaanza upya. Zote nne zilishika rangi.

Ni saratani ya damu, Mjomba, ya nadra sana, na ina mbio. Jina lake ni refu, ungelichapa ungelazimika kulivunja mistari miwili. Inajificha kwenye ngozi kabla haijajaa kwenye uboho wa mifupa, ndiyo maana kila daktari aliona kitu chake. Mama Vioo katika kazi yake yote ameiona mara mbili, na hii ni ya pili. Ameshazungumza na daktari wa damu wa hospitali kuu ya hapo kwenu. Wanakusubiri Jumatatu, beba nguo za kutosha.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Bila tiba ni miezi. Kwa tiba kuna njia, ngumu lakini ipo: dripu kali kwanza za kuifuta, kisha upewe mbegu za damu za mtu mwingine ili uboho wako uanze upya. Mbegu zinazofaa zaidi ni za ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, zikilingana. Unaye mmoja tu. Niruhusu nimwambie.

Mpwa wako


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na mara hii nimekagua: nyuma ya barua hii ni chati yangu ya joto ya wiki iliyopita, isome tu, sifichi. Niko kitanda cha dirishani. Nywele zimeondoka zote, hata nyusi, na Anti yako anasema sasa nafanana na yai lililoshtuka. Mdomo una vidonda, chakula kinapita kwa kubembelezwa. Lakini madoa yanafifia! La kiwikoni, lile nililolisugua nusu ya chupa ya mafuta ya taa, limebaki kivuli. Hapa kuna muuguzi tunamwita Nesi Mrefu, ambaye kabla ya kuning'inizia kila dripu anasoma kibandiko, anamwita mwenzake naye anasoma. Nimemwambia akichoka na sindano, kazi kwangu ipo.

Sasa lile uliloniomba. Jibu ni hapana, usimwambie mama yako. Nawe una haki ya kujua sababu.

Mashine haikukosea. Majina yote mawili niliyapanga. Ukurasa ulipopunguzwa ili uingie kwenye karatasi, mstari wa mwisho ukakatika. Mambo hayo hutokea kila wiki, ndiyo sababu ya kuwa na prufu. Fundi Bati aliniletea mezani. Nikamwona mama yangu ndani ya ile fremu nyeusi, nikashindwa. Nilitia sahihi nimefumba macho. Miaka thelathini na minane kwenye chapa, prufu pekee ambayo sikuisoma ni ya mama yangu mzazi.

Baada ya hapo aibu ikazidi huzuni. Mimi, niliyekuwa nikiwacheka wenye magazeti kwa kukosea herufi! Nikasema ni mashine. Nilipolisema mara ya tatu, likawa gumu kulirudisha. Mama yako alisubiri neno moja kwangu kaburini pale, nilimwona akisubiri, nikamgeuzia mgongo kana kwamba nawatafutia wageni viti.

Sasa nitamwomba vipi damu mtu niliyemnyima mstari mmoja? Watafute mtu baki. Asipopatikana, basi nashukuru kwa miezi niliyoongezewa, na nasema kweli, nashukuru.

Mjomba wako


19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeona kwenye chati yako joto lilishuka Alhamisi na halikupanda tena, nikaibandika juu ya meza yangu ya kazi. Mama Vioo anauliza habari zako kila siku kabla hajaniuliza za kwangu.

Mfadhili amepatikana. Nimekatazwa kukuambia ni nani. Naweza kusema tu kwamba ana miaka hamsini na sita, kichwa kigumu, na kwamba sikumwomba mimi.

Ilikuwa hivi. Siku barua yako ilipofika nilichelewa kazini. Kufika nyumbani namkuta huyo mfadhili kasimama jikoni, bahasha iko wazi mkononi. Ilikuwa na jina langu, lakini hakuomba radhi na mimi sikudai. Alisema, "Kumbe alifumba macho." Basi. Akatoka kwenda kuanua nguo, na siku hiyo hatukuwa tumefua. Nilimwona kupitia dirishani, ameshika kamba tupu kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Sikumfuata.

Kesho yake nikamkuta amenitangulia maabara, amekaa kwenye kimojawapo cha vile viti vitatu, ameshakunja mkono wa gauni. Akawaambia wenzangu, "Chukueni mnachotaka, atakayepewa damu hii ni ndugu yangu." Majibu yametoka jana. Mnalingana kila kipengele, Mjomba. Kwa ndugu wawili, bahati hiyo huja mara moja katika nne. Mama Vioo aliyasoma, akanywa chai, akayasoma tena, akanikumbatia. Hajawahi kumkumbatia mtu hapa.

Ana masharti. Atakuja huko Septemba, atatoa, atarudi. Hataki kukuona, na hataki kusikia asante. Ukiandika neno hilo, anasema, atalirudisha kwa posta. Nimejaribu kumbembeleza, amenipa mgongo. Pokea hivyo hivyo.

Mpwa wako


12 Oktoba

Mpwa wangu,

Mwandiko ni wa Anti yako, maneno ni yangu. Akichomeka ya kwake utayatambua. Mikono yangu bado haina nguvu ya kalamu, lakini nala vizuri. (Muongo. Jana vijiko vinne.)

Walinifungia chumba cha peke yangu chenye dirisha la kioo upande wa korido. Kila anayeingia amefunika mdomo na kuosha mikono mpaka viwikoni, kama nilivyokuwa nikiwataka wafanyakazi wangu waoshe kabla ya kushika karatasi nyeupe. Siku ya kupewa mbegu walimlaza yeye, mfadhili, chumba kinachofuata. Mashine ilitoa damu mkono mmoja, ikachuja mbegu, ikarudisha nyingine mkono wa pili, saa nne nzima. Nilimjua kwa kikohozi. Anakohoa mara tatu kwa mpigo tangu akiwa mtoto. Kila alipokohoa nilikuwa nikitaka kuitikia, nikajizuia, maana masharti ni masharti.

Halafu Nesi Mrefu akaja na mfuko mdogo, mwekundu hafifu, hauzidi kiganja. Ndio huo tu. Nilitegemea kitu kikubwa. Walisoma kibandiko wawili, mmoja kwa sauti, nami nikanyoosha shingo nisome pia, ni tabia. Kulikuwa na namba, kundi la damu na tarehe. Nikauliza, mbona hakuna jina? Akasema ndio utaratibu, jina la mfadhili haliandikwi. Mpwa wangu, nililia. Ametoa kila kitu, na kwa mara ya pili jina lake halipo kwenye karatasi. Nesi akadhani naumwa, akaniongezea dawa ya maumivu.

Alipomaliza, alipita mbele ya dirisha langu. Hakusimama, hakugeuza shingo. Lakini alipita mara mbili, na mlango wa kutokea uko upande mwingine. (Hiyo ni kweli, nilikuwepo. — Anti)

Siandiki lile neno alilokataza. Nakuandikia wewe: nashukuru mpaka mbavu zinauma.

Mjomba wako


25 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba ya barua mbili kwa pamoja, ya Novemba na ya mwaka mpya. Mwandiko unauona: ni wangu, umelegea kidogo lakini haujakosea njia. Niko nyumbani tangu mwisho wa Novemba. Nyusi zimerudi, ila moja imetangulia mwenzake. Wageni wanaishia mlangoni, na mapazia ya kijani, baada ya kuyatazama siku sitini mfululizo, nimeyazoea na nimekiri hivyo mbele ya mashahidi.

Juzi wamenipima damu na uboho. Safi. Hawasemi nimepona, wanasema safi, na kwamba watatazama tena kila mwezi. Wengine kule wodini neno hilo liliwavunja moyo. Mimi lilinifaa. Nimeishi kwa kutazama tena, na nina furaha kwamba safari hii kinachotazamwa tena ni mimi. Kitu kingine: kundi langu la damu limegeuka, sasa ni la mama yako. Nesi Mrefu anasema hata ukiitazama kitaalamu, damu yangu ni ya mwanamke. Anti yako anadai ndiyo maana siku hizi nanuna bila sababu na sisemi kwa nini.

Kiwandani siruhusiwi kuingia, kwa ajili ya vumbi na mafuta ya taa. Lakini wiki iliyopita nilikaa kwenye kiti barabarani, mdomo umefunikwa, Fundi Bati akifanya kazi ndani na mimi nikimwelekeza kupitia dirishani kama refa. Kilichotoka nimekiambatanisha. Ni kile kijitabu cha mama yangu. Ni prufu tu, nakala moja. Nimekichapa upya chote: picha, fremu, maneno yote, na pale palipoandikwa "ameacha watoto wawili", majina ni mawili. Nimeisoma. Nilianza nikaiweka chini, nikaanza tena, siku ya tatu nikafika mwisho. Macho yalikuwa wazi.

Mpe mama yako. Prufu haipiti bila sahihi ya mwenye kazi, na mwenye kazi ni yeye. Akiikubali, nitachapa mia tatu na kumpelekea kila aliyekuwepo kaburini na bado yu hai, pamoja na barua yangu inayosema ni nani alikosea. Akiikataa, nitaelewa. Unadhani nimeandika kitu nyuma ya prufu? Hapana. Geuza uone. Nimetumia karatasi nzuri kabisa, na nyuma ni tupu. Sina tena ninachoficha.

Mjomba wako


17 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, nami nimepata kiti: mwenzetu mmoja amehamishwa, nimekirithi kabla hakijapoa. Mama Vioo ameiona picha yako ya nyusi na anasema ile ya kushoto inasubiri chai.

Prufu nilimpa Mama Jumapili asubuhi, akiwa mezani. Aliisoma mpaka mwisho. Nikanyoosha mkono niichukue, akaizuia kwa kiganja. Alimimina chai, akainywa yote, taratibu, hata sijui haya mambo aliyajulia wapi. Kisha akaisoma tena kuanzia mwanzo. Akaniomba kalamu nyekundu. Nakurudishia karatasi kama alivyoiacha, sijaongeza hata nukta. Maneno ameyaandika upande wa nyuma:

"Kaka,

Nimeisoma mara mbili. Jina langu lipo. Kuna kosa moja: umeniweka mimi wa kwanza. Mkubwa ni wewe. Panga upya.

Sitii sahihi kwa posta. Damu yangu ikikupa nguvu za kusafiri, niletee mwenyewe.

Mdogo wako"